Mwalimu Aliyenitoa Uwanjani

Pua ya mwalimu wetu wa hesabu ilikuwa imevunjika mara tatu, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunyooka. Akiandika ubaoni, mkono huo aliuweka nyuma ya mgongo, umejikunja kama umeshika kitu. Siku yangu ya kwanza chuoni nilidhani ni mtu aliyepata ajali ya gari. Mwenzangu wa bwenini, aliyenitangulia mwaka mmoja, akanicheka. Akaniambia hayo yote ni mpira.

Alikuwa Mmarekani, mtu wa miaka hamsini na kidogo, mfupi, mwenye shingo nene. Kwao mpira si huu wetu. Wao wana mpira wenye umbo la yai, unashikwa mikononi, na anayekimbia nao huangushwa chini kwa mabega. Aliucheza akiwa chuoni ujanani mwake, enzi ambazo wachezaji walivaa kofia za ngozi nyepesi zisizozidi unene wa kiatu cha mtoto. Baada ya hapo alifundisha timu ya chuo kidogo kwa miaka mingi, kisha akaacha ghafla na kujiunga na misheni. Kwa nini aliacha, hakuna mwanafunzi aliyejua, na yeye hakusema.

Chuo chetu kilikuwa cha ualimu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini Iringa. Mimi nilitoka Kihesa. Wakati huo, miaka ya hamsini, Kihesa ilikuwa mashamba ya mahindi na nyumba chache za udongo, na Jumapili nikiruhusiwa niliweza kwenda kumwona mama na kurudi kabla ya kengele ya jioni. Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge nikiwa mdogo, akaandika barua mbili, kisha akanyamaza. Mama alinisomesha kwa jembe lake na mboga alizouza mjini.

Huyo Mmarekani ndiye aliyefundisha timu yetu. Mpira wetu wa miguu aliujua nusunusu tu, lakini alijua miili. Alitutengenezea kitu cha magogo ya mkaratusi, magogo manne yamefungwa pamoja kama kitanda kisicho na kamba, akasimama juu yake na kutuamuru tukisukume kwa mabega uwanja mzima. Tukifika mwisho, turudi. Watu waliopita kwenda sokoni walisimama kushangaa vijana wa ualimu wakilima uwanja kwa magogo. Ubaoni alitufundisha mchezo kama hesabu, sisi duara, maadui misalaba, na kila duara na mshale wake. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa kitabu, kwa hiyo alikisema kwa usahihi kuliko sisi. Sisi tuliotoka kwenye Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kisangu tulisema “kiatu yangu” bila aibu, naye alisimamisha mazoezi katikati ya jua ili aturekebishe.

Nilicheza senta hafu, kama wenzangu wengi bila viatu, vifundo vya miguu vimefungwa vitambaa. Mbele yangu alicheza nahodha wetu, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyekuwa mwaka wa mwisho. Ndiye aliyenipokea chuoni, akanionyesha jinsi ya kufua shati moja likauke kabla ya asubuhi, akanipa nusu ya blanketi lake msimu wa baridi kabla sijapata langu. Ndugu wa karibu kuliko huyo sikuwa naye.

Kila mwaka tulicheza na shule moja kubwa ya Mbeya kugombea kikombe, na miaka mitatu mfululizo walikuwa wametufunga. Mwaka huo mechi ilikuwa kwao, na Bwana DC wa huko ndiye angetoa kikombe. Mkuu wa chuo chetu, Mwingereza mrefu asiyepaza sauti kamwe, alikuja uwanjani wiki mbili kabla. Akasema mbele yetu sote kwamba mwaka huu hatarajii kusikia sababu. Alisema kwa upole, kisha akaondoka, na sisi tukabaki tunatazama chini.

Tangu siku hiyo Mmarekani alibadilika. Alitufanyisha mazoezi asubuhi na jioni. Mezani, wapishi walituambia, sahani yake ilirudi na chakula. Akitupigia filimbi ilitoka kali, na mtu akianguka alimwinamia haraka na kumtazama machoni kwa namna iliyotuudhi, kama anatutafutia ugonjwa.

Jumatano ya wiki ya safari, tulikuwa tunasukuma magogo kwenye nyasi zenye umande. Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini, akamwachia nahodha filimbi. Niliteleza. Mwenzangu wa nyuma hakuona, akaendelea kusukuma, na ncha ya gogo ikanipiga juu ya sikio. Sikuzimia. Niliona mwanga mweupe, kisha uwanja ukarudi, lakini ukiwa umeinama upande mmoja. Nahodha alinishika begani akanipeleka nyuma ya stoo ya majembe. Akaninawisha maji, akaniuliza kama naona sawasawa. Nikasema naona.

“Mwalimu akijua hukanyagi Mbeya,” aliniambia. “Unamjua alivyo na vichwa vya watu. Wajomba zangu wote watakuja kutoka Tukuyu. Huu ndio mwaka wangu wa mwisho.”

Hakunilazimisha. Lazima niseme hivyo, kwa sababu baadaye watu walisema alinilazimisha. Mimi mwenyewe nilitaka kwenda kuliko alivyotaka yeye. Wale wengine walioona wakakubaliana kunyamaza, na Mwalimu aliporudi alitukuta tunasukuma. Alhamisi nilikuwa na maumivu ya kichwa yaliyopiga kwa mdundo wa moyo wangu. Nikamwambia kila mtu nimelala vibaya.

Tulisafiri kwa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi wa Iringa, lililokuwa linapeleka chumvi na mabati. Mvua zilikuwa zimeanza. Mara nne tulishuka kulikwamua, na mara zote nne nilisukuma kama wengine. Usiku tulilala kwenye misheni iliyokuwa njiani, na siku ya pili mchana tukapita Uyole, wanawake wa Kisafwa wakiwa mabondeni wanavuna viazi, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba. Kila lori liliporuka, nilishika kichwa. Nahodha alikaa karibu nami akinikinga kwa bega lake. Mwalimu alikaa mbele na dereva, na kila tuliposimama alikuja nyuma kutuhesabu.

Mechi yenyewe siikumbuki. Nina vipande vitatu tu. Harufu ya majani mabichi karibu na pua yangu. Uso wa nahodha ukiwa karibu sana, mdomo wake ukisema bila sauti. Na ladha ya chumvi na ngozi ya mtu mdomoni mwangu. Mengine yote nimesimuliwa na wenzangu, kila mmoja kwa namna yake, nami nimechukua yale ambayo wote walikubaliana.

Uwanja ulijaa. Upande mmoja walikaa wazungu kwenye viti, upande wa pili wafanyabiashara wa mjini wenye kanzu na makoti, familia za Kihindi zenye miavuli, na wanafunzi wa shule ile wakiimba. Wajomba wa nahodha walikuwa kumi na mmoja, wamepanga mstari nyuma ya goli. Tulifunga kwanza, nahodha mwenyewe, wakasawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili mpira wa juu ulikuja, nikaruka na senta fowadi wao, na vichwa vyetu vikagongana upande uleule wa sikio. Yeye alikaa chini akijishika paji la uso. Mimi niliinuka mara moja. Watu wakapiga makofi.

Kisha nikauchukua mpira, nikageuka, nikaanza kukimbia nao kwenda kwenye goli letu.

Wengine walidhani ni ujanja. Beki wetu alininyang'anya mpira, akautoa nje. Hapo Mwalimu akaingia uwanjani. Refa, mzungu wa polisi, alimpigia filimbi, akamwamuru atoke. Hakutoka. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akaniuliza leo ni siku gani. Wanasema nilimjibu kwa Kihehe. Akaniuliza tumetoka wapi. Nikamjibu tena kwa Kihehe kwamba nakwenda kufungua mbuzi. Wahehe wawili wa timu yetu waliosikia walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Siku hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba wa kuingia katikati ya mchezo. Aliyetoka ametoka, mnabaki kumi. Nahodha alimsihi Mwalimu aniache nisimame tu pembeni, hata nisiguse mpira, mradi tuwe kumi na mmoja. Mwalimu alikataa. Mkuu wa chuo aliinuka kwenye viti, akatembea polepole mpaka kwenye mstari, akamwambia maneno kwa Kiingereza yaliyosikiwa na watu wachache. Aliyesikia aliniambia ni haya: mrudishe kijana, na utoke uwanjani, unatuaibisha. Mwalimu aliendelea kunishika. Refa alimshika mkono, naye akauondoa mkono wa refa kwa nguvu, na uwanja mzima ukaona.

Nami nilikuwa napigana naye. Nilimwita mwoga. Alinikumbatia kiunoni kama alivyowakumbatia watu katika mchezo wa kwao, akanitoa nje, akanilaza kwenye nyasi na kunilalia nusu. Nikamng'ata mkono, ule wa kushoto, nikaushikilia kwa meno. Hakuutoa. Alibaki hivyo mpaka nilipoanza kutapika.

Tulifungwa dakika za mwisho, mbili kwa moja. Nahodha aliketi katikati ya uwanja na hakuinuka kwenda kuwasalimia wajomba zake.

Niliamka hospitalini Mbeya. Dirishani palikuwa na mlima, na juu yake wingu lililokaa tu. Timu ilikuwa imerudi Iringa kwa lori, Mwalimu amebaki. Mkono wake ulifungwa bendeji. Nilimwuliza nani amemwumiza, akaniambia ni meno.

Daktari alisema damu ilivuja kidogo ndani ya kichwa, nami nilazwe nitazamwe. Nilikaa siku tisa. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mbao siku zote hizo, akinifanyisha hesabu ndogo kila asubuhi: saba mara nane, tisa mara sita. Nikichelewa kujibu aliacha kupumua. Mara mbili aliniuliza kama kichwa kiliwahi kugongwa kabla ya siku ile. Mara zote mbili nilisema hapana. Mdomo wangu ulijibu upesi mno, naye akaitikia kwa kichwa kama ameamini.

Siku ya sita, mchana, mvua ikipiga bati, alinieleza kwa nini aliacha kufundisha kwao. Sikumwuliza. Alikuwa anamenya chungwa kwa mkono mmoja mzima na mmoja wenye bendeji, akasema bila kunitazama.

Alikuwa na mchezaji wa miaka ishirini, mtoto pekee wa mama mjane. Katika mechi kubwa ya mwaka, kijana aligongwa kichwa akaja kukaa kwenye benchi. Walikuwa nyuma kwa alama chache. Mwalimu alimtazama, akaona macho hayakukaa sawa. Akamwambia arudi. Kijana akarudi, akagongwa tena, akatoka kwa miguu yake mwenyewe, na siku mbili baadaye akafa.

“Nilikwenda kwa mama yake,” alisema. “Alinipa kahawa. Aliniuliza jambo moja tu. Je, mwanangu ndiye aliyeomba kurudi, au ulimwamuru? Nikasema aliomba.”

Alimaliza kumenya chungwa, akaligawanya, akanipa vipande vyote.

“Hata mke wangu anajua hivyo. Kwamba aliomba.”

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliendelea kula chungwa. Nilijua kabisa kwamba huo ndio wakati wa kumwambia habari ya gogo, na nikala mpaka kipande cha mwisho.

Tulirudi kwa basi. Badala ya kunipeleka chuoni, alishuka nami Iringa mjini tukaenda kwa miguu hadi Kihesa. Nilimwambia hakuna haja, mama nitamweleza mwenyewe. Akasema haja ipo.

Mama alikuwa kwenye mahindi. Alituona tukija, akasimama na jembe, hakuja kutulaki. Habari zilikuwa zimemfikia nusu, kwamba mwanawe amepigwa na mzungu mpirani. Mwalimu alimwamkia “kamwene”, akamwita mnyalukolo, kama alivyofundishwa kuwaita wenyeji kwa heshima. Mama aliitika kwa sauti ya chini. Kiswahili mama alikielewa kidogo, akikisema kwa shida, kwa hiyo mimi nilisimama katikati nikitafsiri. Kazi mbaya kuliko hiyo sijapewa maishani.

Mwalimu hakusubiri kuulizwa. Alimweleza yote kwa mpangilio: safari, mchezo, kugongana, damu ndani ya kichwa, siku tisa. Alisema daktari amekataza nisicheze mwaka mzima. Mama alisikiliza akinitazama mimi, si yeye. Kisha akauliza kwa Kihehe, nani alimwambia aende akacheze.

Nilitafsiri.

“Mimi,” alisema Mwalimu. “Nilimchagua, nikampeleka. Usimlaumu mtu mwingine.”

Jibu hilo nalo nililitafsiri kwa mama, neno kwa neno. Yule mtu alikuwa anabeba mzigo wangu mbele ya mama yangu mzazi, bila kujua kwamba ni wangu.

Mama hakumshukuru wala hakumlaani. Alisema mtoto aliyemchukua mzima amrudishe mzima, na kwamba asinione tena ninakimbiza mpira, si mwaka huu wala mwaka mwingine. Mwalimu akakubali. Mama akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha togwa, akampa Mwalimu kwanza. Alikunywa amesimama, akashukuru kwa Kihehe kibovu, akaondoka peke yake kwa njia ya mashamba.

Nilikaa nyumbani wiki moja. Niliporudi chuoni, hali ilikuwa imechafuka. Bwana DC alikuwa ameandika barua kulalamika kwamba mwalimu wa chuo chetu aliingia uwanjani na kumtia refa mkono mbele ya watu. Mkuu wa chuo aliamua kufanya uchunguzi. Bwenini hakuna aliyezungumza jambo lingine. Na habari za lile gogo zilikuwa zimevuja, sijui kwa nani. Swali la mkuu sasa lilikuwa moja: je, huyu mwalimu alijua kijana ameumia mazoezini, akampeleka Mbeya hivyohivyo, kisha akafanya fujo kuficha kosa lake?

Nahodha alinichukua nyuma ya stoo ileile. Alikuwa amekonda. Alinieleza kwamba wakigundua sisi ndio tuliojua na tukanyamaza, yeye aliyeshika filimbi siku ile atafukuzwa, miezi mitatu kabla ya cheti. Nyumbani walikuwapo wadogo zake watano wanaosubiri apate kazi. Mwalimu yeye ni mzungu, alisema. Atahamishiwa kituo kingine, atapewa nyumba nyingine, basi. Akaniomba nikubali maneno atakayosema yeye, nisiongeze neno. Nikiulizwa, niitikie kwa kichwa tu.

Nilimwambia sawa. Nilisema sawa kwa moyo wote, kwa sababu ya lile blanketi.

Tuliitwa Jumatatu asubuhi. Ofisi ilikuwa na meza kubwa na dirisha moja. Mkuu wa chuo alikaa, Mwalimu alikaa pembeni, mikono magotini, mimi na nahodha tulisimama. Mkuu alimwuliza nahodha kwanza. Nahodha alisema vizuri, hakubabaika. Alisema niliumia Jumatano, timu nzima iliona, na Mwalimu aliporudi kutoka ofisini aliambiwa, akasema si kitu.

Nilimtazama Mwalimu. Nilitegemea apinge. Alikuwa amefumba macho. Nilielewa baadaye, baada ya miaka, kwamba wakati ule hakuwa anafikiri nahodha anasema uongo. Alikuwa anajiuliza kama kweli aliambiwa akasahau. Mtu aliyewahi kufanya jambo kama lile mara moja hawezi kujiamini tena.

Mkuu akanigeukia. “Ndivyo ilivyokuwa?”

Nilihesabu mbao za sakafu. Nilifika ya saba. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo mpaka nikatakiwa kurudia.

“Mwalimu hakujua,” nilisema. “Hakuambiwa. Aliniuliza hospitalini mara mbili, nikamdanganya. Nilitaka kucheza.”

“Na nani mwingine alijua?”

Sikujibu. Lakini kutokujibu kwangu kulikuwa jibu, na nahodha aliyekuwa kando yangu alitoa pumzi moja ndefu kama mtu aliyetua gunia. Hakunitazama. Alisema yeye alijua. Alisema yeye ndiye aliyewaambia wengine wanyamaze.

Tulitolewa nje tukasubiri kwenye baraza, kila mmoja na nguzo yake. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini sauti ya Mwalimu tuliisikia, ya mkuu hatukuisikia. Walizungumza Kiingereza cha haraka ambacho sikukifuata chote. Nilichokipata ni kwamba alikuwa anamwombea nahodha. Alisema magogo ni ya kwake, ameyaleta kutoka mchezo ambao hakuna aliyeuhitaji hapa. Alisema akifukuzwa kijana, basi na yeye aandikiwe barua ya kuachishwa kazi.

Nahodha hakufukuzwa. Alivuliwa unahodha na ukiranja, akapewa kazi ya kukata majani mpaka mwisho wa muhula. Mwalimu alionywa kwa maandishi. Jioni hiyo tulimwona uwanjani na shoka, amevua koti, anapasua magogo yale kuni, na hakuruhusu mtu amsaidie. Kuni zikapelekwa jikoni.

Miezi mitatu iliyobaki nahodha hakusema nami. Si kwamba alinitukana. Alinipisha mlangoni, alinisogezea chumvi mezani, aliniita kwa jina nilipohitajika kazini. Usiku blanketi lake lilikuwa la kwake na langu la kwangu. Timu nzima ilikuwa upande wake, na mimi niliwaelewa. Alipata cheti chake, akaondoka na sanduku la bati kichwani, akawapa mkono vijana wote waliosimama njiani. Mimi nilisimama wa mwisho. Alinipa mkono pia, lakini alikuwa anatazama kama lori limefika.

Mwalimu hakuiacha timu, ingawa nilidhani ataiacha. Aliniita akasema kwamba sichezi tena, basi nije nikae naye nje ya mstari, nione mchezo unavyoonekana kwa mtu asiyeweza kuugusa. Nilikaa naye misimu miwili. Alinifundisha kutazama miguu kabla ya mpira, na macho ya mtu aliyeanguka kabla ya kumwuliza lolote, kwa sababu, alisema, mdomo wa mchezaji hauna ukweli. Mbeya walitufunga tena miaka yote miwili, mara moja vibaya sana. Mkuu wa chuo hakuja tena uwanjani.

Kabla sijamaliza masomo alianza kusahau. Kwanza majina, halafu namba, yeye wa hesabu. Siku moja alisimama ubaoni na chaki, akageuka kututazama, tukaona hajui alichokuja kufanya. Mkewe akaja kumchukua kwa mkono. Walirudi kwao mwaka huohuo, na baadaye mkewe aliniandikia barua ya Kiswahili kunijulisha kwamba amefariki. Katika barua hiyo aliniuliza kama mumewe aliwahi kunisimulia habari za kijana fulani aliyekufa mpirani. Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Mwisho nilimjibu kwamba ndiyo, alinisimulia, na kwamba alinisimulia yote. Sikuongeza neno, naye hakuuliza tena.

Nilipangiwa kufundisha Mbeya, nikapewa timu ya shule ya kati. Mechi yangu ya kwanza tulicheza na shule iliyotoka upande wa Tukuyu, na aliyeshuka kwenye lori akiwaongoza vijana wao alikuwa nahodha. Alikuwa amenenepa, amevaa tai. Tuliamkiana kama walimu wanavyoamkiana, tukaulizana habari za nyumbani. Kwa muda wote wa mchezo tulisimama hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake, mvua ikinyesha, kila mmoja akiwaita vijana wake. Kila kijana aliyeruka kupiga kichwa nilimhesabia mpaka asimame.

Mchezo ulipokwisha, sare, alikuja upande wangu.

“Siku ile ofisini,” aliniuliza, “hukuogopa?”

“Niliogopa.”

Alijifuta maji usoni. Akasema yeye aliamini kwa miaka yote hiyo kwamba mimi sikuogopa, na kwamba hilo ndilo lililomkasirisha. Kisha akaniambia mke wake amejifungua mtoto wa pili, wa kike, na nikipita Tukuyu nisilale kwingine. Vijana wake walikuwa wamekwisha panda lorini, wanamwita, naye akaenda akikimbia kidogo kwenye matope, ameinua suruali kwa mikono miwili.